Ghala la karafuu kuwa nyumba: elimu ipi ya mtandaoni uichukue na ipi uiache

Wete, Mkoani na katika mashamba ya Pemba bado utakuta maghala ya zamani ya karafuu na mabanda ya mbata: kuta nene za mawe na chokaa, kipaa cha bati, mlango mpana, madirisha machache yaliyo juu. Ukitaka kuligeuza ghala kama hilo liwe nyumba bila ya kulijaza saruji na viyoyozi, mtandaoni kuna maelezo mengi kuliko utakayoweza kuyasoma. Tabu ni kwamba sehemu kubwa imeandikwa na watu wa Uingereza, Ujerumani na kaskazini ya Marekani, ambako banda la ng'ombe au la nafaka hugeuzwa nyumba na adui mkubwa ni baridi. Kwao nyumba nzuri ni ile inayoshika joto. Kwetu ni ile inayolitoa. Kwa hivyo yanayohusu chokaa, chumvi, maji na hesabu ya jua yachukue. Yanayohusu kufunika kuta kwa sponji, kuziba kila upenyo na kupasha sakafu moto yaache huko huko.

Pima kabla ya kutafuta

Zunguka ghala na futi kamba, bisibisi na daftari. Andika unene wa ukuta pale mlangoni (mara nyingi sentimita 40 hadi 60), upana wa ndani baina ya kuta mbili, nafasi baina ya boriti na boriti, na kimo cha alama ya unyevu kutoka sakafuni. Andika pia upande upi unapigwa na kusi na upi na kaskazi, maana madirisha mapya yatafuata pepo hizo. Ukitafuta kwa vipimo utapata majibu. Ukiuliza tu "nifanyeje na ghala langu" utaletewa matangazo ya rangi.

Alama ya unyevu ndiyo ya mwanzo kushughulikiwa. Video nyingi zitakwambia ununue kipimo cha pini mbili. Usipoteze pesa. Kifaa kile hupima namna umeme unavyopita ukutani, na chumvi hupitisha umeme vizuri, kwa hivyo ukuta wa mawe ya matumbawe karibu na bahari utaonyesha namba za kutisha hata ukiwa mkavu. Badala yake kata nailoni ya sentimita 50 kwa 50, ibandike ukutani kwa utepe pande zote nne bila ya kuacha upenyo, uiache siku 2. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, ni mvuke wa hewa ya chumbani, na dawa yake ni upepo, si lipu.

Maji yakiwa yanatoka ukutani, toka nje uangalie ardhi. Maghala mengi yamezama: makonyo, majani na udongo vimemwagwa pembeni miaka nenda miaka rudi mpaka nje pakawa juu kuliko sakafu ya ndani. Chimba mpaka ardhi ya nje iwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 hadi 20, upana wa mita 1 kuzunguka nyumba, na mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita ukielekea mbali na ukuta. Weka kokoto. Usimwage zege kuzunguka nyumba, hata fundi akisema inapendeza, kwa sababu maji yaliyo chini ya zege hukosa pa kupumulia isipokuwa kupandia kwenye ukuta wako.

Chokaa, na kwa nini saruji huharibu

Hapa ndipo mtandao unapofaa kweli kweli. Historic England na Historic Environment Scotland, taasisi za serikali za kulinda majengo ya kale Uingereza na Uskoti, pamoja na SPAB, chama cha Waingereza cha kazi hiyo hiyo kilichoanzishwa 1877, wanatoa bure maandishi ya kitaalamu kuhusu kuta za mawe, lipu ya chokaa na unyevu. Practical Action, shirika la hisani la Uingereza, wana miongozo mifupi ya kuchoma chokaa na kuizima kwa maji kwa uwezo mdogo. Archnet, hazina ya mtandaoni ya usanifu wa nchi za Kiislamu, ina michoro na picha za majengo ya Mji Mkongwe, ambayo yamejengwa kwa vifaa vile vile vya ghala lako. Ukitafuta kwa Kiingereza, andika "lime mortar" pamoja na "coral stone". Bila ya hilo la pili utaletewa kuta za matofali ya London.

Kanuni wanayokubaliana wote ni moja. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya maji na kuyatoa. Ukiupaka saruji, maji yanaendelea kuingia kwa chini na kwenye nyufa lakini hayana pa kutokea. Hubeba chumvi mpaka nyuma ya lipu, chumvi inaganda na kuvimba, na lipu inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Ndiyo maana nyumba nyingi za mawe zilizokarabatiwa kwa saruji huanza kumenyuka kwa chini, na kila zikizibwa kwa saruji zaidi unyevu hupanda juu zaidi.

Lakini soma kwa tahadhari. Maandishi mengi ya Ulaya yanazungumzia chokaa inayoganda kwa maji, inayouzwa kwa mifuko yenye alama ya NHL na namba 2, 3.5 au 5. Chokaa ya matumbawe ya kwetu ni chokaa tupu. Haigandi kwa maji. Hukauka na kuwa ngumu kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole, wiki na miezi. Ukichukua vipimo vya NHL ukavitia kwenye chokaa yetu, au ukaharakisha safu ya pili kama wanavyofanya wao, kazi itabomoka. Vile vile onyo lao la kutopiga lipu majira ya baridi kwa kuogopa barafu halituhusu. Hatari yetu ni kinyume chake: jua na upepo wa kaskazi kuikausha lipu kwa saa chache kabla haijashika.

Kuhusu kupata chokaa yenyewe: ukinunua ya tanuu, uliza imechomwa kwa kuni gani na mawe gani. Chokaa iliyotokana na matumbawe hai na kuni za mikoko haina haki ya kuitwa rafiki wa mazingira, hata nyumba ikipambwa vipi. Mawe ya kuchimba nchi kavu na magogo ya minazi iliyokufa ni afadhali. Chokaa mbichi ikitiwa maji huchemka kwa nguvu, kwa hivyo tia chokaa ndani ya maji, si maji juu ya chokaa, vaa miwani na glavu, na weka ndoo ya maji safi karibu ya kuoshea macho. Chuja kwa chekecheke, ihifadhi ndani ya pipa ikiwa imefunikwa na maji sentimita chache, na iache angalau miezi 3. Haiharibiki humo, inazidi kulainika.

Chokaa ya unga ya mfukoni nayo yafaa, ilimradi haijazeeka. Chota kijiko, dondoshea siki au ndimu. Ikitoa povu jingi, imeshavuta hewa na imekuwa unga wa mawe tu, irudishe dukani. Iliyo nzima iloweke usiku kucha kabla ya kuchanganya.

Mchanga ndio unaoharibu kazi nyingi. Usitumie wa pwani: una chumvi, chembe zake zimeviringika, na uchimbaji wa mchanga Zanzibar una masharti yake ya serikali. Tafuta wenye chembe kali za ukubwa mchanganyiko. Kuujaribu chumvi, koroga mchanga na maji safi kwenye chupa, uache utulie, mimina maji yake kwenye sahani uyaache yakauke juani. Ukiona ukoko mweupe, uoshe au uache.

Kiasi cha chokaa usikikisie. Jaza ndoo kwa mchanga mkavu kabisa, kisha mimina maji yaliyopimwa mpaka yafike usawa wa mchanga. Kiasi cha maji yaliyoingia ndicho kiasi cha chokaa mchanga huo unachohitaji ili kila nafasi ijae, mara nyingi thuluthi ya ndoo. Kutokana na hapo huja ile 1 kwa 3 ya waashi. Kwa mita 10 za mraba za ukuta, lipu ya milimita 20 ni lita 200, ila ukuta wa mawe una mashimo, kwa hivyo weka hesabu ya lita 300: madebe 15 ya mchanga na 5 ya chokaa, debe likiwa la lita 20. Chokaa hujificha ndani ya mchanga, haiongezi ujazo.

Mpango wa kazi ni huu. Bandua saruji yote kwa patasi na nyundo ndogo, si mashine, kwa sababu mtikisiko hulegeza mawe. Uache ukuta uchi kwa kiangazi kizima. Chumvi ikitoka nje kama unga mweupe, ifagie kwa brashi kavu na uitupe mbali. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Kisha tomea mashimo makubwa kwa vijiwe na chokaa, wala usiyajaze kwa lipu tupu, kwani unene unaozidi milimita 15 kwa mkupuo mmoja hupasuka. Lowesha ukuta jioni na tena asubuhi, piga safu ya kwanza ya milimita 10 hadi 12, ikwaruze, uiache wiki moja au zaidi, halafu ya pili. Kila safu ifunikwe kwa magunia mabichi siku 7. Mwisho paka chokaa nyepesi kama maziwa, mara 4 au 5, kila mara ukuta ukiwa na unyevunyevu. Mkono mmoja mzito huchanika na kudondoka.

Pale chini kabisa ambapo mvua hurukia, ongeza unga wa matofali yaliyochomwa kwa moto mdogo, sehemu 1 kwa kila 10 za mchanganyiko. Unga huo huisaidia chokaa kushika hata penye maji.

Banda la mbata lina ugonjwa wake. Masizi na mafuta ya nazi yameingia kwenye kuta, na chokaa nyeupe ikipakwa juu yake itatoka madoa ya kahawia hata ukirudia mara kumi. Bandua safu ya juu mpaka ufike penye jiwe safi. Hakuna rangi ya dukani itakayokuokoa hapo bila ya kuuziba ukuta pumzi.

Boriti

Chomeka bisibisi kwenye kila ncha ya boriti inapoingia ukutani. Kati ya boriti mara nyingi ni kuzima. Ncha ndizo zinazoliwa na unyevu na mchwa. Ikizama zaidi ya sentimita 1 bila ya nguvu, boriti hiyo ina ugonjwa. Upana wa vyumba vya zamani, mita 2.5 hadi 3 hivi, ulitokana na urefu wa boriti za mikoko, kwa hivyo usivunje ukuta wa kati kwa kutamani ukumbi mpana kama wa kwenye picha za Ulaya. Ukuta huo unabeba dari.

Kubadilisha boriti za mikoko kunataka kibali cha idara ya misitu. Mivinje iliyonyooka, au mbao za nje za mnazi mzee, zinafanya kazi. Moyo wa mnazi ni laini, usiukubali. Dawa ya mchwa isiwe oili chafu ya gari. Changanya kilo 6 za boraksi na kilo 4 za asidi boriki kwa lita 90 za maji ya moto, loweka miti iliyokatwa punde au paka mara kadhaa ile iliyokauka. Dawa hii huoshwa na mvua, kwa hivyo ni ya ndani tu, na isifike kisimani. Ncha ya boriti mpya iachiwe upenyo wa hewa pembeni, isizungushiwe saruji.

Kosa la kawaida ni kumwaga zege juu ya dari ya boriti ili "iwe imara". Sentimita 5 za zege ni kilo 120 kwa kila mita ya mraba, mzigo ambao boriti za miaka mingi hazikuuzoea. Nondo zilizomo nazo zitapata kutu kwa hewa ya bahari, zivimbe, zipasue.

Kipaa

Pemba iko karibu digrii 5 kusi ya ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, na siku nyingine zote halisogei mbali. Kwa hiyo kipaa ndicho kinachopokea joto, si kuta. Zile kurasa za kuhami kuta kwa sufu ya mawe zifunge. Pesa hizo ziende juu. Bati liwe jeupe au la rangi ya kung'aa, chini yake karatasi ya alumini yenye nafasi ya hewa isiyopungua milimita 25, kisha dari. Acha matundu yenye wavu kwenye mapaa ya pembeni na upenyo wa kutokea hewa kileleni. Bila ya njia ya kutokea, alumini pekee inachelewesha joto tu. Upenu utoke sentimita 90 au zaidi. Upande wa mashariki na magharibi usiongeze madirisha, maana jua la asubuhi na la alasiri huingia chini ya upenu wowote.

Kuhusu geji: namba ikizidi, bati linapungua unene. Geji 28 ni nene kuliko 30, na karibu na bahari tofauti hiyo ni ya miaka. Ukikuta kipaa cha zamani ni cha shiti za asbesto, usikate wala usitoboe. Zilowe, zishushwe nzima na wenye barakoa maalumu, na halmashauri iulizwe pa kuzizika.

Makuti ni baridi na yanatoka kwenye minazi yetu, lakini hayatoi maji safi ya mvua, yanataka mwinuko wa digrii 40 hadi 45, na baada ya miaka michache unaezeka upya. Makuti juu ya bati, mtindo wa mahoteli, sioni faida yake: huficha kutu na kuwapa panya nyumba.

Maji na umeme

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Ghala la mita 8 kwa 12 lina eneo la mita 96 za mraba likitazamwa kwa juu. Ukitoa asilimia 20 kwa yanayorukaruka, mvua ya milimita 40 hukupa lita 3,000 na zaidi kidogo. Mvua za mwezi kwa mwezi za mahali pako zipo bure kwenye NASA POWER, tovuti ya takwimu za hali ya hewa ya shirika la anga la Marekani. Weka latitudo 5.06 kusi na longitudo 39.72 mashariki kwa Wete, na kumbuka alama ya kutoa mbele ya 5.06, la sivyo utapata mvua za kaskazi ya ikweta. Ukubwa wa tangi au birika usiupime kwa masika bali kwa ukame: watu 5, lita 20 kila mmoja za kunywa na kupikia, siku 60, ni lita 6,000. Kabla ya tangi weka bomba la kumwaga maji ya mwanzo, nusu lita kwa kila mita ya mraba ya kipaa, yaani lita 48 kwa ghala hili, maana ndiyo yenye vinyesi vya kunguru.

Kwa umeme wa jua, PVGIS, kikokotoo cha mtandaoni cha Tume ya Ulaya, ni bure na inafika kwetu. Uelekeo wake wa kawaida ni 0, yaani kusi, kwa sababu imetengenezwa na watu wa Ulaya. Wewe andika 180 ili paneli zitazame kaskazini, na mwinamo wa digrii 10 ili mvua izioshe. Jumlisha matumizi: friji saa za kilowati 1 kwa siku, feni 3 za wati 50 kwa saa 8 ni 1.2, taa 6 za wati 8 kwa saa 5 ni 0.24, simu na televisheni 0.3. Jumla 2.74. Gawa kwa saa 4.5 za jua kali, kisha kwa 0.75 ya upotevu: unahitaji takriban wati 810, paneli 3 za wati 300. Usiangalie wastani wa mwaka. Angalia mwezi mbaya kuliko yote, ambao utauona kwenye masika. Pemba imeungwa na gridi kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, kwa hivyo si lazima betri ibebe kila kitu. Skrubu na vibano vya paneli ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316, na baina ya alumini na chuma weka washa za nailoni, la sivyo chumvi itavila vyote viwili.

Choo kisome kwenye mwongozo wa Eawag, taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, ambao ni bure na una michoro. Mita 30 kutoka kisimani ndiyo kiwango kinachotajwa sana, lakini upande wa mashariki wa kisiwa, kwenye mawe yenye matundu, maji machafu husafiri haraka na umbali huo peke yake hautoshi. Huko jenga tangi lisilovuja.

Karatasi na majira

Kabla ya kununua msumari, uliza ghala ni la nani kwa maandishi. Ardhi, jengo na mikarafuu iliyolizunguka vinaweza kuwa na wenyewe tofauti, na kama kuna harufu ya wakfu, anza na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Kibali cha ujenzi ni cha baraza la mji au halmashauri yako. Hayo hayamo kwenye mtandao wa Uingereza.

Kazi ipange hivi: kuchimba pembeni na kubandua saruji kabla ya kiangazi cha Januari na Februari, kipaa na michirizi kabla ya masika, kutazama uvujaji wakati wa masika yenyewe, lipu ya chokaa kipupwe jua likiwa dogo. Mwashi na vibarua wakubaliane nawe mapema, kwa tarehe na kwa malipo ya mita, kwa sababu mavuno ya karafuu yakipamba moto hupati hata mtu wa kubeba mchanga.